Damu ya Mwanaidi Niliyoipima Mara Tatu

Nilipokabidhi koti jeupe na funguo za kabati, vijana wa maabara waliniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi. Nadhani walitaka habari za mashine za zamani ili wazicheke. Nitawapa mashine, na nitawapa na mengine ambayo hawakuyaomba. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa vingi vilinipita huku nikiviona, na nikianza hayo tutamaliza karatasi. Mimi ni mtu wa wivu, nawaambieni mapema. Marehemu mama yangu, mwanamke wa Lindi aliyekuja kuolewa Magomeni, alikuwa akisema nilizaliwa na kijiba cha roho. Dada yangu akipewa dawa ya minyoo nami nisipewe, nilikuwa nalia mpaka nipewe.

Maabara yetu ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo moja Kariakoo, juu ya maduka ya vitenge. Lifti ilikuwepo, ila sikumbuki kumwona mtu akitoka ndani yake. Huko chini wauza nguo walitangaza bidhaa kwa vipaza sauti tangu asubuhi, na sisi huku juu tulihesabu seli kwa darubini tukijua, tupende tusipende, ni kitenge gani kimeingia leo. Mkuu wetu alikuwa Mzee Kiondo, mtu mwembamba ambaye miwani yake ilishikiliwa na uzi wa kushonea vidonda. Siku ya kwanza hakunionyesha mashine yoyote. Alinipa pipeti, kile kifaa cha kunyonyea na kudondoshea matone, na sahani ya plastiki yenye vishimo tisini na sita, akaniambia nijaze kila kishimo kwa maji ya rangi, tone moja moja, yalingane.

Kufikia kishimo cha thelathini alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mkono unatetemeka, Somoe. Unamfikiria nani?"

"Simfikirii mtu, Mzee."

"Unamfikiria. Hebu fikiria tone."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa namfikiria msichana wa benchi la pili, ambaye Mzee alimsifu asubuhi ile kwa mwandiko wake. Mwandiko! Nilijaza na kumwaga sahani ile wiki mbili nzima, na mwisho wa wiki ya pili hapakuwa na mkono kama wangu ghorofa ile. Yule msichana wa mwandiko aliolewa Dodoma, nikamtakia kila la heri kwa moyo mweupe kabisa.

Ikaja enzi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na kazi yetu kubwa ikawa kuhesabu seli T. Kwa wale wa mapokezi watakaosoma haya, hizi ni seli nyeupe za damu zinazoongoza kinga ya mwili, na zikipungua kila kijidudu kinajifanya mwenyeji. Tuliletewa mashine ya kuzihesabu, tukaiita Bi Mkubwa, kwa sababu ukiiwasha kwa pupa iligoma mpaka mchana. Mimi ndiye niliyejua kuibembeleza. Umeme ukikatika nilikuwa wa kwanza kuikimbilia, na ukirudi wa kwanza kuiamsha. Mtu mwingine akiigusa nilisikia joto masikioni.

Kila Jumatatu, kabla ya kugusa damu ya mgonjwa, Bi Mkubwa alipewa kwanza damu ya mtu mwenye afya, ili tujue hajaanza kusema uongo. Damu ya kuagiza nje ilichelewa, basi Mzee Kiondo akaweka utaratibu wake. Mmoja wetu anakaa kwenye kiti cha dirishani, anatolewa chupa ndogo, kisha anapewa chai na andazi. Tuliiita damu ya mfano. Tulijaribu za watu wengi, na yangu ikatoka nzuri kuliko zote, Jumatatu baada ya Jumatatu, mpaka ikawa hakuna haja ya kuuliza nani anakaa. Wengine hujivunia nyumba, wengine watoto. Mimi nilijivunia seli T zangu, na andazi lile nililila polepole ili kila mtu apite anione.

Ndipo akaja Aikande. Baba yake alitoka Kilimanjaro zamani na alikuwa akiuza masufuria kwa jumla mtaa wa pili kutoka kwetu, kwa hiyo binti alikulia katika makelele yaleyale tuliyokuwa tukiyalalamikia. Alinishika mkono kwa mikono yote miwili. "Shikamoo, dada Somoe. Nimesikia habari zako nyingi." Nikaitikia marahaba kwa sauti ndogo, nikawa natafuta kasoro. Sikuipata. Alikuwa mwepesi, mpole, anawahi kazini, anasafisha meza ambayo hakuichafua. Ningempata hata na uvivu kidogo ningempenda. Kipya kinyemi, nilijiambia, Mzee Kiondo atamchoka. Badala yake Mzee akaanza kumfundisha saa za chakula kwa chaki na ubao. Mimi sikuwahi kufundishwa kwa ubao.

Ikatokea nafasi moja ya mafunzo Afrika Kusini, kusomea jeni za vipokezi vya seli T, yale macho yake ya kutambulia vijidudu. Nilikuwa nimemtangulia kazini miaka kumi na miwili, akaenda yeye. Nilitaka kumpa zawadi ya kuagana, nikazunguka Kariakoo nzima kutafuta khanga ambayo maneno yake hayasemi lolote, kwa kuwa zote nilizozipenda zilisema ukweli. Nikapata moja ya kumtakia safari njema. Nikampa, nikamsindikiza uwanja wa ndege, nikarudi nyumbani nikashindwa kula.

Aliporudi alituita sote dirishani badala ya ubaoni. Chini, barazani pa duka, alikuwepo fundi cherehani mmoja aliyeshona mashati ya watoto kwa mabaki ya vitambaa.

"Mnamwona yule?" alisema Aikande. "Ana mafungu matatu ya vipande. Anachukua kimoja hapa, kimoja pale, kimoja pale, anakata, anaunga. Na pale kwenye mshono anaongeza au anapunguza kidogo anavyojisikia. Hakuna shati linalofanana na jingine. Basi seli T changa inafanya hivyohivyo na jeni zake, ikiwa kwenye tezi ya kifuani. Ndiyo maana kila moja inatoka na kipokezi chake, na kinachoonwa na kipokezi hiki, kile hakikioni."

"Na zilizoshonwa vibaya?" aliuliza Mzee Kiondo.

"Zinafia hukohuko, Mzee. Isiyoshika kitu haitoki. Na ile inayoushika mwili wenyewe kwa nguvu, nayo kwa kawaida haitoki."

"Mashati yote hayo ya nini?" nikauliza mimi, kwa sauti ya kumkwaza.

"Kwa sababu mwili haujui kesho utakutana na ugonjwa gani, dada. Unashona ya kila namna, unaweka tayari."

Nilielewa papo hapo, na nikaumia kwamba ameeleza vizuri hivyo. Bi Mkubwa alijua kuhesabu seli tu. Mashine mpya aliyoletewa Aikande ilichora picha ya namna zilivyotofautiana. Mtu mwenye afya picha yake ilitoka na vilima vingi vya kupanda na kushuka, kila kilima kundi la vipokezi vya urefu wake. Jumatatu iliyofuata nikakaa kwenye kiti changu, nikatoa chupa yangu, nikala andazi langu. Jioni Aikande akaniita.

"Dada, usinielewe vibaya. Ona hapa, kuna mnara."

Kati ya vilima vyangu ulisimama msumari mmoja mrefu.

"Ni kundi moja la seli lililozaliana sana," alisema, "pengine kwa ajili ya kirusi cha zamani kinachokaa mwilini. Wala si ugonjwa. Umri ukienda inatokea kwa watu wengi."

"Umri ukienda," nilirudia.

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mzee Kiondo akajikuna kidevu. "Basi kwa mashine ya Aikande, tutumie damu ya Aikande." Alisema kama mtu anayehamisha kiti, wala hakunitazama. Picha ya Aikande ilitoka na vilima laini vilivyopangika vizuri. Ilibandikwa ukutani, na mimi nilikuwa natafuta sababu ya kupita pale mara kadhaa kwa siku kuitazama.

Miezi michache baadaye aliletwa Mwanaidi. Alikuwa na miezi minne. Ngozi yake ilikuwa inabambuka mwili mzima, nywele na nyusi zimepukutika, matezi yamevimba, anaharisha, na kidonda cha chanjo begani hakijafunga. Mama yake, Mwajabu, alikuwa mkaanga samaki pale soko la Feri. Aliolewa na mtoto wa mjomba wake. Binti yao wa kwanza, wa miaka sita, alikuwa mzima wa afya, ila wa pili alifariki kabla hajajua kukaa. Daktari wa wodini aliuliza swali moja kwenye karatasi: mtoto huyu ana kinga au hana?

Nilimtoa damu mimi. Kupata mshipa wa mtoto aliyekonda kiasi kile ni kazi, na mkono wangu kwenye kazi hiyo haukuwa na mpinzani. Niliupata mara ya kwanza.

"Mungu akubariki, dada yangu," alisema Mwajabu. "Kule wamemchoma mara nne, hadi nikatoka nje kulia."

Niligeuka kutazama kama Aikande amesikia.

Chupa haikujaa nusu, kama kawaida ya watoto. Bi Mkubwa akahesabu, zikatoka seli T nyingi, tena nyingi kuliko nilivyotegemea. Nikaandika kwamba seli T zipo za kutosha, nikatia saini. Damu iliyobaki niliiweka kwenye raki yangu. Kwetu damu ni ya aliyetia saini. Chupa ikikaa kwenye raki yenye jina lako, mwenzako haigusi mpaka umwambie chukua, hata akiwa mkuu wa maabara. Ni adabu ya benchi, hakuna mahali ilipoandikwa.

Aikande alisoma karatasi ya daktari, akaja kusimama pembeni yangu.

"Dada Somoe, samahani. Huyu mtoto wa ngozi, hesabu yake imetoka nyingi?"

"Nyingi. Kwani ulitaka ziwe chache?"

"Hapana, dada. Ila zinaweza zikawa nyingi na zote za namna moja. Mkasi wa kukatia zile jeni ukiwa butu, zinashonwa namna chache tu, halafu hizohizo zinazaliana mpaka zinajaza mwili. Ngozi zinaishambulia, na vijidudu hazivioni. Naomba hiyo iliyobaki nitazame vipokezi. Kesho kutwa nakupa jibu."

Nawaandikia ukweli, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Nilijua yuko sahihi. Nilijua kabla hajamaliza kusema, kwa kuwa niliitazama ngozi ile na nyusi zile kwa macho yangu, na hesabu kubwa vile haikukaa sawa na mtoto mgonjwa vile. Na nilijua pia kwamba nikimpa chupa ile, jibu langu litafutwa na lake litaandikwa juu yake, na Mzee Kiondo atajikuna kidevu.

"Ngoja kwanza nirudie hesabu," nilimwambia. "Mtoto mdogo huyu, lazima niwe na uhakika."

"Sawa, dada."

Nikarudia, jibu likawa lilelile. Damu bado ilikuwepo, ndogo, ikifika mstari wa chini wa chupa, na kiasi hicho kilimtosha Aikande kwa kipimo chake. Hapakuwa na sababu yoyote ya kurudia tena. Nikachukua pipeti, nikainyonya yote, nikarudia mara ya tatu. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo.

"Imeisha, mdogo wangu," nilimwambia. "Nimepima mara tatu, nilitaka uhakika."

"Aa. Basi pole na kazi, dada. Nitawaomba wodini watoe nyingine."

Mzee Kiondo alikuwa anapita. "Hivyo ndivyo mtu anavyofanya kazi," akasema, akinionyesha mimi kwa wengine. Nilifurahi. Wiki ile yote nilikuwa na furaha.

Jibu langu lilifika wodini kabla ya ombi la Aikande. Wakasoma kwamba kinga ipo, wakampa Mwajabu dawa ya kupaka na ya kuharisha, wakamruhusu aende nyumbani, arudi baada ya wiki mbili. Yeye akampeleka mtoto Lindi kwa bibi yake, na simu yake ikawa haipatikani. Aikande alipiga namba ile kila asubuhi kabla ya kuvaa glavu. Mimi nilikuwa namsikia. Kutoka Kariakoo hadi Feri si mbali, ningeweza kwenda saa ya chakula kuwauliza wakaanga samaki wenzake. Nilijiambia si kazi ya fundi maabara kutafuta wagonjwa sokoni. Ulipotimia mwezi akaenda yeye, akapita kikaango kwa kikaango mpaka akapata namba ya bibi. Alirudi ananuka samaki, ghorofa nzima ikamsifu, na mimi nikaona wivu hata kwa harufu ile.

Mwanaidi alirudishwa akiwa hoi. Mama yake aliniambia: "Hanyonyi, dada. Juzi alikuwa anajaribu, sasa hata kujaribu hajaribu." Aikande aliniomba nimtoe damu mimi. "Wewe ndiye unayeujua mshipa wake," alisema. Nikaupata tena mara ya kwanza, na safari hii chupa niliiweka mkononi mwake mwenyewe. Picha ilitoka tambarare, na juu yake minara mitatu. Vilima hakuna. Seli maelfu kwa maelfu, na zote zimevaa mashati ya namna tatu.

Wakamweka mtoto chumba cha peke yake, wakaanzisha dawa kali za kuua vijidudu. Dada yake alipimwa kama anaweza kumpa uboho wa mifupa, ambao ndio ungemletea seli zenye mkasi mzuri, na akafanana naye. Ikabaki maandalizi. Mwanaidi alifariki kwa homa ya mapafu maandalizi hayajakamilika.

Msiba ulikuwa Kigamboni, tukavuka na pantoni pale Magogoni. Aikande alijitanda khanga niliyompa. Mwajabu alipotuona alisimama, akaja moja kwa moja kumwangukia Aikande begani, akalia. Mimi nilikuwa nimesimama hatua moja pembeni. Na hata pale, kwenye mkeka wa msiba, najua mtanidharau, roho iliniuma kwamba hakuja begani kwangu.

Wakati wa kurudi Aikande alikaa karibu yangu, anatazama mikono yake.

"Dada, kosa ni langu," alisema. "Ningekusisitiza unipe ile damu kabla hujaanza kurudia. Nilisitasita, nikaogopa utaona nakuingilia kazi yako. Mwezi mzima umepotea hivihivi."

"Usijilaumu, mdogo wangu," nilisema.

Sikusema zaidi ya hapo. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini changu kilimchukua mtoto wa mwenzangu, mimi nikabaki na heshima zangu. Sijui kama mtoto yule angepona. Pengine vijidudu vilikuwa vimeshatangulia. Ila mwezi ni mwezi, na nilimwibia mimi, mbele ya watu, nikisifiwa.

Miaka ilipita. Mzee Kiondo alistaafu, Aikande akashika nafasi yake. Tukahama darubini, tukahama mashine, Bi Mkubwa akachukuliwa na gari la vyuma chakavu, na siku hiyo nililia chooni. Watoto wengine wenye minara waliletwa, wawili walipona, na Aikande alinipigia makofi mimi kwa kuwatoa damu vizuri. Sikuacha kumwonea wivu. Nilikuwa nikimwona anavyoelekeza vijana, nikihesabu mara wanazocheka.

Siku ya kuniaga kulikuwa na pilau na keki. Aikande alisimama kuzungumza, akashindwa mara mbili kwa machozi. Akawaambia vijana kwamba zamani aliletwa mtoto mmoja mgonjwa sana, na kwamba yeye, kwa haraka zake za ujana, alitaka kuikimbilia damu, lakini dada Somoe alikataa kutoa jibu ambalo hajaliamini, akapima mara tatu. "Kila kitu ninachojua kuhusu uaminifu wa kazi," alisema, "nilikiona kwenye benchi lile." Kisha akafunua kitu kilichofunikwa kitambaa. Ilikuwa karatasi ndani ya fremu, imeandikwa kwa herufi kubwa: KANUNI YA BI SOMOE. HESABU HURUDIWA MARA TATU KABLA DAMU HAIJATOKA BENCHI HILI. Wakapiga makofi. Nikapiga na mimi.

Wiki iliyopita nilipita kuwasalimia. Neema, binti aliyechukua raki yangu, alikuwa na chupa ndogo ya mtoto wa miezi mitatu. Akanionyesha kwa furaha kwamba ni tupu. "Shikamoo, Bi Somoe. Huyu walikuwa wanamtaka benchi la vipokezi, nikawaambia wasubiri, kanuni ni kanuni. Nimerudia zote tatu, kama wewe."

Nilimwitikia marahaba, nikashuka ngazi, sikuweza hata kukaa kunywa chai. Ndiyo maana nimeandika haya, na nimeyaandika marefu kwa kuwa neno lenyewe ni fupi na nililiogopa. Aikande, najua utasoma kabla ya wengine. Ibandue ile karatasi leo, kabla hujanichukia. Damu ilikuwa inakutosha.